Besi ya Jazz: maswali ya wapiga besi wa Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya ni ya wapiga besi wa kwaya na bendi za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wanaotumia besi ya umeme ya aina ya Jazz, iwe ya Fender yenyewe, ya Squier, au nakala isiyo na jina. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: besi nyingi ambazo wenyewe wanataka zibadilishwe pikapu, yaani zile sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi, hazina tatizo la pikapu. Zina nyuzi zilizokufa na shingo iliyopinda, na mpigaji hajawahi kuzishughulikia zile nobu mbili za volyumu. Ndiyo maana utaona narudi kwenye marekebisho kila mara kabla ya kuzungumzia vipuri.

Besi ya Jazz ni ipi hasa? Ni ya muziki wa jazz tu?

Hilo ni jina la modeli tu. Kampuni ya Fender ya Marekani ilitoa Precision Bass mwaka 1951, kisha mwaka 1960 ikatoa Jazz Bass. Utaitambua kwa kiuno kilichokaa mshazari, pikapu mbili nyembamba ndefu, na shingo inayopungua upana kuelekea kichwani. Pale kwenye kizingiti, yaani kale kapande ambako nyuzi hupita kuingia kichwani, shingo ya Jazz ina milimita 38 hivi, wakati Precision nyingi za zamani zilifika 44. Urefu wa uzi unaotoa sauti ni inchi 34, sawa na milimita 864, kwenye zote mbili.

Hupigiwa rumba, injili, rege, fanki, chochote. Mwenye vidole vifupi mara nyingi huipenda kwa sababu ya ile shingo.

Nichague Jazz au Precision?

Precision ina sauti moja nene, nzuri sana, na tangu 1957 pikapu yake iliyogawanyika vipande viwili haivumi. Ukitaka kuchomeka na kupiga bila kufikiri, chukua hiyo. Jazz inakupa sauti kadhaa ndani ya gitaa moja, ila inakudai ujifunze nobu zake. Kwa kwaya inayoanza na pambio la taratibu na kumaliza na sebene bila kupumzika, mimi nasema Jazz.

Nobu tatu zinafanya nini? Mimi huwa nazifungua zote mpaka mwisho.

Hapa ndipo utamu wa besi hii ulipo, kwa hiyo tukae kidogo. Nobu ya kwanza ni volyumu ya pikapu iliyo karibu na shingo. Ya pili ni volyumu ya pikapu iliyo karibu na briji, kile chuma cha kwenye bodi ambako nyuzi huishia. Ya tatu ni toni, ambayo hupunguza ukali. (Jazz Bass za mwanzo kabisa zilikuwa na nobu zilizopandana mbili mbili, huu mpangilio wa tatu ukawa wa kawaida kuanzia 1962.)

Ukifungua volyumu zote mbili mpaka mwisho unapata sauti pana, safi, ambayo katikati imepungua kidogo. Ni nzuri ukiwa peke yako chumbani. Ndani ya kwaya yenye kinanda, magitaa mawili na ngoma, ile sehemu ya katikati iliyopungua ndiyo uliyokuwa unaihitaji, na ndiyo maana wengi wanalalamika kwamba besi yao "inapotea".

Sasa jaribu hivi. Acha pikapu ya briji wazi kabisa, kisha punguza ya shingoni kidogo kidogo huku unapiga noti moja. Utafika mahali sauti inaanza kunguruma, inakuwa na mguno. Hapo kila noti inasikika hata kwenye spika mbovu. Mpiga besi wa Marekani Jaco Pastorius alijenga jina lake kwenye sauti ya pikapu ya nyuma, akitumia Jazz Bass ya 1962 iliyong'olewa freti, zile fito za chuma za kwenye ubao wa vidole. Kwa sebene mimi huanzia hapo: briji wazi, shingo robo tatu, toni nusu.

Fanya kinyume chake, shingo wazi na briji chini, upate sauti ya mviringo inayobeba waimbaji bila kuwasumbua. Kwa wimbo wa maombi au wa msibani hiyo inatosha, na toni uifunge karibu yote.

Mahali unapopiga napo ni kama nobu ya nne. Vidole vikiwa juu ya pikapu ya briji uzi unakuwa mgumu na sauti inakaza. Vikisogea kuelekea shingoni sauti inalegea. Zoea kuhama katikati ya wimbo.

Naletewa besi iliyotumika. Nikague nini kabla ya kulipa?

Ishike kama unalenga shabaha, utazame shingo kutoka kichwani kuelekea briji. Upinde mdogo wa kwenda mbele ni sawa. Iliyopinda kurudi nyuma, au iliyojisokota upande mmoja, hiyo ni kazi. Uliza kama fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo bado inazunguka; kama nati yake imelika au fimbo imekwama, achana na hiyo besi hata ikiwa nzuri kiasi gani. Halafu piga kila freti kwenye kila uzi, bila amplifaya. Freti inayozimisha noti au kutetemesha uzi imelika au imeinuka.

Vitu vya umeme visikutishe. Nobu inayokwaruza au jeki iliyolegea hurekebishika kwa fundi redio yeyote wa Kabwe au Mwanjelwa, Mbeya mjini. Jina la Fender lililobandikwa kichwani si ushahidi wa lolote, maana kibandiko ni rahisi kupata. Lipia shingo.

Nyuzi zangu ziko juu sana, vidole vinauma. Nianzie wapi?

Wengi hukimbilia kushusha vitandiko, yaani vile vipande vinne vya briji ambavyo nyuzi zinavikalia. Usianzie huko. Mpangilio ni shingo, kisha urefu wa nyuzi, kisha ulinganifu wa noti, kisha pikapu. Ukiruka hatua utarudia yote.

Kwanza tyuni besi yako sawasawa: E, A, D, G. Nyuzi nne za kawaida kwa pamoja huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 80, kwa hiyo kipimo chochote ukichukua nyuzi zikiwa zimelegea ni cha uongo. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa kapo (kibanio cha nyuzi) au kwa kidole cha mwenzako, na wewe uubane kwenye freti ya mwisho. Sasa uzi umekuwa rula. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Iwe kama milimita 0.35. Kuipima hakuhitaji kifaa cha mbali: vile vibamba vyembamba vya chuma ambavyo fundi pikipiki hupimia nafasi ya valvu vinafaa kabisa, na vimeandikwa unene wake. Mwombe akuazime.

Nafasi ikiwa kubwa, zungusha nati ya fimbo ya ndani kwa alenki kufuata mshale wa saa, robo mzunguko tu, kisha tyuni tena na upime. Ikiwa ndogo mno au hakuna kabisa, zungusha kinyume. Robo, pima, robo, pima. Alenki iwe ya saizi kamili. Kuna zinazotumia za inchi na kuna za milimita, na ukilazimisha isiyo yake utaila nati. Ikigoma, usiongeze nguvu. Mpelekee fundi.

Shingo ikikaa sawa, nenda kwenye vitandiko. Pima kutoka juu ya freti ya 17 hadi chini ya uzi: milimita 2.4 upande wa E na 2 upande wa G ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwenye mkono mzito aongeze kidogo, vinginevyo nyuzi zitagonga freti. Ukiona vitandiko vimeshuka mpaka chini na nyuzi bado ziko juu, fungua skrubu nne za shingo na uweke kipande chembamba cha kadi ngumu ndani ya kitundu cha shingo upande wa kuelekea briji. Ni njia ya zamani na haina aibu.

Noti za juu hazikubaliani na kinanda, ingawa nimetyuni.

Piga hamoniki ya freti ya 12, yaani uguse uzi juu ya freti hiyo bila kuubana, kisha bana freti hiyo hiyo upige kawaida, ukitazama kityuna. Noti iliyobanwa ikiwa juu zaidi, kitandiko kisogezwe nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Kila uzi peke yake. Fanya hivi ukiwa na nyuzi mpya, kwa sababu uzi uliochoka haukubali kulingana hata ufanyeje.

Besi ilikuwa sawa Mbeya. Tumeshuka Kyela kwenye kongamano, imebadilika kabisa. Imeharibika?

Haijaharibika. Mbao hunywa unyevu na kuutoa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei mpaka Oktoba hewa ni kavu. Ukishuka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, unakuta joto na unyevunyevu. Tukuyu hapo katikati kunanyesha sehemu kubwa ya mwaka. Shingo lazima ijibu. Baadhi huongeza upinde, nyingine hunyooka kupita kiasi, kutegemea mbao na zilivyokatwa, hivyo usibahatishe. Ukifika, iache ndani ya mfuko wake kwa muda, kisha itoe, tyuni, pima.

Mimi hushauri watu wa huku wapime shingo mara mbili kwa mwaka kwa uchache: mvua zikishika Desemba, na kipupwe kikianza Juni. Wakati wa ukavu utahisi ncha za freti zinakwaruza kiganja. Ubao wa vidole umesinyaa, chuma hakisinyai. Fundi anazisugua kwa tupa ndogo na tatizo linaisha. Ubao wa vidole ambao haukupakwa vanishi unaweza kuupaka mafuta kidogo ya madini yaliyotengenezwa kwa mbao, tone tu na kufuta. Usitumie mafuta ya kupikia. Yanaganda na kunuka.

Inavuma "mmmm" nikiacha kupiga. Ni pikapu mbovu?

Pikapu za Jazz ni za koili moja, na koili moja hupokea mvumo wa umeme wa 50 Hz uliomo kwenye nyaya za jengo. Lakini zile mbili zimetengenezwa kinyume, hivyo zikifunguliwa sawasawa mvumo wa moja unafuta wa nyingine. Ukipunguza mojawapo, mvumo unarudi kidogo. Hiyo ni tabia yake.

Mvumo ukipungua unaposhika nyuzi, waya wa ethi unaokwenda kwenye briji uko salama. Ukiwa mkubwa mno, fungua kasha la nobu na sehemu za pikapu, bandika karatasi ya shaba yenye gundi kuta zote, kisha unganisha sehemu hizo na ethi kwa risasi ya kulehemu. Karatasi ya aluminiamu nayo inasaidia, ila haishiki risasi ya kawaida, kwa hiyo ishikizwe kwa skrubu yenye waya. Hakikisha waya wa sauti kwenye jeki haugusi karatasi hiyo, la sivyo besi itanyamaza. Taa za bei rahisi na chaja za simu nazo huleta kelele. Zizime kabla hujalaumu gitaa.

Nikigusa maiki kwa mdomo huku nimeshika nyuzi napigwa shoti.

Acha kupiga mara moja. Hili ni la hatari, na chanzo hakipo kwenye besi. Maana yake amplifaya yako au mikisa haina ethi, au soketi mbili unazotumia hazikubaliani. Umeme wetu ni volti 230 na unaua. Chanzo cha kawaida ni waya wa kurefusha wenye nyaya mbili badala ya tatu, au plagi iliyokatwa mguu mmoja ili "isivume". Vyombo vyote vya jukwaani vichukue umeme kwenye soketi moja yenye ethi inayofanya kazi, na fundi umeme aipime kwanza. Kama kiongozi wa kwaya anaona ni gharama, mwonyeshe swali hili.

Nyuzi gani ninunue? Na zikichakaa naweza kuzichemsha?

Kwa Jazz yenye nyuzi nne nunua seti ya 45 hadi 105 (unene kwa sehemu za elfu za inchi), nikeli, zenye mzunguko wa waya wa mviringo. Zina ung'avu wa kutosha na hazili freti kama za chuma kigumu. Ukipenda sauti ya rekodi za zamani, kavu na nene, tafuta zenye mzunguko bapa. Zinadumu miaka na hazikwaruzi vidole.

Kuchemsha kunatoa jasho na mafuta yaliyoingia katikati ya mizunguko, na uzi unarudisha ung'avu kwa siku chache. Kuziloweka kwenye spiriti usiku kucha kisha kuzikausha ni bora kuliko maji, maana hazishiki kutu. Dawa nzuri kuliko zote ni kitambaa kikavu: futa kila uzi, juu na chini, kila ukimaliza ibada.

Vijijini wanatumia waya wa breki wa baiskeli. Unafaa?

Kwa gitaa la kujitengenezea, ndiyo, na nina heshima kubwa kwa wanaofanya hivyo. Wenzetu wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, wana babatoni, besi ya uzi mmoja ya kujitengenezea, na wanaipiga mpaka watu wanacheza. Kwa besi ya kiwandani, hapana. Waya wa breki ni nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja. Uzito wake haukupangwa kwa ajili ya noti, kwa hiyo hautalingana kwenye freti za juu, na unazila freti kama msumeno.

Mwalimu wa kwaya anapenda kuimbisha kwenye D na E flati. Nyuzi nne zinatosha?

Uzi wako wa chini kabisa ni E ya 41.2 Hz, hivyo D ya chini huna. Njia ya kwanza haina gharama: legeza uzi wa E mpaka D. Umbo la mkono kwenye uzi huo linasogea freti mbili, basi, utazoea haraka. Njia ya pili ni kuifunga besi ya nyuzi nne kwa B, E, A, D, yaani unanunua seti ya nyuzi tano na kuuacha uzi wa G. Uzi wa B huwa na unene wa kama 130, kwa hiyo mfereji wake kwenye kizingiti lazima upanuliwe kwa tupa nyembamba, na shingo, urefu wa nyuzi na ulinganifu virekebishwe upya. Njia ya tatu ni kununua ya nyuzi tano, ambako D iko freti ya 3 ya uzi wa B na E flati iko freti ya 4.

Kwa kwaya nyingi ningeanza na ya kwanza. D ya okteva ya juu, freti ya 5 ya uzi wa A, nayo haina kosa lolote. Si kila wimbo unahitaji kutikisa madirisha.

Nazidisha besi kwenye amplifaya lakini bado sisikiki kanisani.

Ongeza katikati, punguza besi. Najua inasikika kinyume. Spika nyingi za makanisani haziwezi kutoa 41 Hz kwa nguvu. Ukizilazimisha zinapumua, zinapasua sauti, na amplifaya inachoka. Sikio la binadamu linatambua noti ya chini kupitia sauti zake za juu, kama 82 Hz na kuendelea. Punguza kidogo eneo la 200 hadi 300 Hz ambako tope hukaa, ongeza kidogo kati ya 700 na 1,000 Hz, kisha usikilize ukiwa umesimama kwenye viti vya waumini. Jukwaani utadanganyika.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwa sababu linahusu watu. Mpiga kinanda aliyezoea kupiga peke yake hupiga besi kwa mkono wa kushoto. Nyie wawili mkipiga besi mbili zisizofanana, hakuna nobu itakayowaokoa. Zungumza naye kabla ya mazoezi, kwa upole, si mbele ya kwaya nzima. Mwombe mkono wa kushoto upumzike au upande okteva moja besi inapoingia. Kisha kaa karibu na mpiga ngoma, na noti zako nzito zianguke pamoja na ngoma yake ya mguu. Nimeona kwaya ikibadilika kwa mazungumzo hayo tu.

Naweza kuchomeka moja kwa moja kwenye mikisa?

Sauti itatoka, ila imefunikwa blanketi. Besi isiyo na betri inahitaji mlango wenye ukinzani mkubwa, kama megaomu 1, na mlango wa kawaida wa mikisa una kilo-omu 10 hivi, hivyo unameza ukali wote. Nunua kisanduku cha DI, kile cha kuunganishia gitaa na mikisa, au tumia mlango wa mikisa ulioandikwa kuwa ni wa gitaa. Kati ya vitu vyote vya kununua, hiki nakiweka pili baada ya nyuzi.

Nipigeje besi ya sebene?

Chukua mzunguko wa G, C, D, C. G iko freti ya 3 ya uzi wa E, C freti ya 3 ya uzi wa A, D freti ya 5 ya uzi huo huo. Kwa kila kodi (kundi la noti zinazopigwa pamoja) una mzizi, yaani noti inayoipa jina, tano yake na okteva: kwa G ni D ya freti ya 5 uzi wa A, na G ya juu, freti ya 5 uzi wa D. Noti hizo tatu zinatosha kwa kazi kubwa sana.

Kinachofanya watu wacheze ni mahali unapokaa kimya. Wanaojifunza hujaza kila nafasi, kwa kuwa solo inakimbia nao wanataka kuikimbiza. Usimfuate mpiga solo. Piga mzizi ukiwa na uhakika, uukate kwa kulegeza kidole cha mkono wa kushoto bila kukitoa kwenye uzi, acha pengo, kisha ujibu kwa okteva au tano kabla ya pigo linalofuata. Msikilize mpiga besi Decca Mpudi akiwa na TPOK Jazz, bendi ya Franco ya Kongo, uone noti chache zinavyobeba bendi kubwa. Za nyumbani zipo pia: Tancut Almasi ya Iringa, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi, na Mlimani Park Orchestra iliyoanzishwa 1978. Tafuta rekodi zao, zima kila wazo la solo, ifuate besi peke yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Noti zikikuendea ndefu hata ukizikata, weka kipande cha sponji ya godoro chini ya nyuzi, mbele kidogo ya briji. Jazz Bass za mwanzo zilitoka kiwandani na vizuizi vya namna hiyo vya kitambaa kigumu.

Sawa, nimerekebisha vyote. Sasa kipuri gani kwanza?

Nyaya na nobu. Nakala nyingi za bei ndogo zina nobu ndogo zinazokwaruza na jeki dhaifu. Weka nobu tatu za kilo-omu 250, jeki imara, na kapasita ya toni ya mikrofaradi 0.047. Kapasita hiyo imeandikwa 473, na fundi redio anazo kibao kwenye mbao za redio zilizokufa. Ukitaka toni izame zaidi ikifungwa, jaribu 104. Ukitaka isizame sana, 223. Ni jaribio la gharama ndogo.

Baada ya hapo pima urefu wa pikapu zenyewe. Bana uzi kwenye freti ya mwisho, uache kama milimita 3 kati ya uzi wa E na pikapu, 2.5 kwa G. Pikapu iliyo juu mno huvuta uzi kwa sumaku yake na noti zinayumba. Ukishafanya hayo na bado huridhiki, nunua pikapu mpya, na kama mvumo unakukera chagua zile za koili mbili zilizopandana ndani ya umbo lile lile.

Vipi kifaa cha betri, kile chenye nobu za besi na trebo?

Kinasaidia anayehama makanisa na kukuta mitambo tofauti kila wiki. Mpiga besi wa Marekani Marcus Miller alifanyiwa mabadiliko ya namna hiyo kwenye Jazz Bass yake ya 1977 na fundi Roger Sadowsky, na sauti ile ya kupiga kwa dole gumba imeigwa duniani kote. Betri ni ya volti 9, na huanza kuliwa pale tu unapochomeka waya, kwa hiyo uchomoe ukimaliza. Kaa na betri ya akiba mfukoni. Ikiishia katikati ya ibada, besi nyingi za aina hii hunyamaza kabisa.

Seremala wangu wa Iringa anaweza kuchonga bodi ya mninga?

Anaweza, na ni kazi ninayoipenda kuliko zote. Mninga haujikunji wala kusinyaa sana ukikauka, unachongeka vizuri, na rangi yake haihitaji kufichwa. Ni mzito kidogo kuliko mbao ya alda ambayo Fender hutumia, kwa hiyo mwambie azungushie kingo vizuri na atoe nyama upande wa tumbo. Paina ya Sao Hill pale Mufindi ni nyepesi na inafaa pia, ila ni laini na skrubu hulegea ikifunguliwa mara kwa mara. Mkongo ni mzito mno begani. Mpingo uuache kwa ubao wa vidole.

Mbao iwe imekauka kwelikweli, mwaka au zaidi kivulini kwa unene wa sentimita 5, na uinunue kwa muuzaji mwenye vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu. Unene wa bodi ni milimita 45 hivi. Kitundu cha shingo kipimwe kwa shingo yako mwenyewe, si kwa mchoro, kiibane bila kugongwa nyundo. Kutoka kizingiti hadi freti ya 12 ni milimita 432. Kutoka hapo hadi kitandiko cha G ni 432 nyingine, na vya nyuzi nene vikae nyuma kidogo. Chora mstari wa katikati kabla ya kutoboa tundu lolote. Briji ikienda kando hata milimita 3, uzi wa G utaanguka ukingoni.

Usitegemee mninga ubadilishe sauti kwa kiasi kikubwa. Shingo na pikapu vina sauti kubwa kuliko bodi. Chonga kwa sababu unataka besi iliyozaliwa huku.

Ning'oe freti nipate sauti ile ya kuteleza?

Si kwenye besi yako ya pekee. Kwaya inadai noti iliyo sahihi papo hapo, na bila freti kidole kikikosea milimita chache kila mtu anasikia. Nunua shingo ya pili, ing'oe freti hiyo, jaza mifereji kwa vipande vyembamba vya mbao na gundi, weka nyuzi bapa. Skrubu nne na umerudi kwenye ya freti Jumapili.

Natumia mkono wa kushoto. Nigeuze nyuzi?

Geuza, ila kizingiti kibadilishwe, maana mifereji yake ina upana tofauti, na ulinganifu ufanywe upya.

Asubuhi za Julai vidole vinaganda, naanza ibada vibaya.

Usipashe joto kwa kupiga haraka. Shika kikombe cha chai, kisha piga noti ndefu za taratibu kwenye freti za juu ambako nafasi ni ndogo, ukishuka polepole. Besi nayo iingie ukumbini mapema na kutyuniwa mwishoni, watu wakishajaa.

Nasafiri na basi kwenda Dar. Besi niiweke wapi?

Ndani, pamoja nawe, hata kama utalipia nafasi. Safari ni zaidi ya kilomita 800, na buti la basi lina joto, vumbi na magunia ya viazi yatakayopangwa juu yake. Huna haja ya kulegeza nyuzi zote. Shusha noti moja hivi, weka kitambaa kati ya nyuzi na freti, na kichwa cha besi kielekee juu. Ukifika uiache kwenye mfuko mpaka izoee joto la pwani, kisha utoe vile vibamba vya fundi pikipiki na uanze na shingo.